Mitoma Tunamjua, Winga wa Umeme Je?

Wacha niseme hii mapema kabla mniparamie kwa komenti: mimi ni mmoja wa wale wanaowajazia simu klipu za Kaoru Mitoma. Zile za sekunde kumi na tano. Mpira unashuka kutoka juu kama mzigo umetupwa ghorofani, jamaa anautuliza na ncha ya kiatu, beki anabaki ameshika kiuno, ngoma inaingia. Nazitengeneza, naziposti, mnazicheki, siku inaisha. Na sitaacha. Kwa hivyo hii si ile stori ya ati vijana wa siku hizi wanapenda wageni kuliko watu wao. Hiyo waachie wazee wa redio ya asubuhi.

Kitu ninauliza ni kingine. Hapa Ziwani, mshike mtoto yeyote wa miaka kumi na tatu umuulize Mitoma ni nani. Atakuonyesha hadi vile anakimbia, mabega yamelegea hivi kama mtu ametumwa dukani na hataki kwenda. Sasa muulize ule winga aliyewasumbua mabeki kwa Koth Biro anaitwa nani. Atakujibu, "Si ule msee wa kushoto, wa viatu vya manjano?" Basi, imeisha. Viatu tunavijua, jina hatulijui.

Tuanze na huyo Mjapani kwanza, halafu tutashuka mpaka uwanja wa Umeme. Na tafadhali, ni Mjapani. Kila nikiposti lazima kuna mtu wa "huyu Mchina ni moto". Mtu ameenda Kombe la Dunia na jezi imeandikwa Japan kifuani, bado unamhamisha nchi.

Wengi wetu tulimshika Qatar 2022. Tarehe 23 Novemba, saa kumi jioni zetu, Japani wakaipiga Ujerumani 2-1, na watu waliokuwa wameweka pesa kwa Ujerumani wakanyamaza mtaa mzima. Halafu tarehe 1 Desemba, saa nne usiku, wakaipiga Uhispania 2-1 pia. Hiyo mechi ya pili ndiyo ile ya mpira uliokaribia kutoka. Mitoma aliufukuza mpaka kwa laini ya goli, akaurudisha ndani, Ao Tanaka akafunga. Refa wa video wakakagua, ikaonekana kipande kidogo sana cha mpira bado kilikuwa juu ya laini. Milimita tu. Ile picha ya kutoka juu ndiyo iliingia kwa kila simu. Watu ambao hawajui Brighton iko upande gani wa Uingereza walikuwa wanabishana kuhusu mviringo wa mpira kama walimu wa hesabu.

Na kulikuwa na bahati ya wakati. Anime ya Blue Lock ilikuwa imeanza Oktoba ya mwaka huo huo, na stori yake yote ni Japani kutafuta straika wa kuwapeleka mbele baada ya kutolewa Kombe la Dunia 2018. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa Eastlands, unatazama hiyo anime kwa simu ya sista yako, halafu wiki chache baadaye Wajapani wa ukweli wanaangusha Ujerumani na Uhispania. Klipu zilijitengeneza zenyewe. Watu waliweka uso wa katuni upande mmoja na Mitoma upande wa pili, na kazi ikawa imeisha.

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo halitajwi sana: wasee wa kubeti. Kuna watu hapa mtaani walimjua Mitoma kupitia betislipu. Brighton walikuwa timu ya kukupatia magoli, kwa hivyo walikuwa kwa kila multibeti ya Jumamosi. Ukishaweka mia kwa mtu, unamjua jina mpaka la pili.

Baada ya hapo magoli yakawa yanakuja yakiwa tayari yamekatwa. Liverpool, Januari 2023, kombe la FA, dakika za nyongeza, kamdanganya beki mara mbili kwa hewa ndogo kama ya chumba cha Ziwani. Wolves, Agosti 2023, alitoka na mpira mbali akawapita kama wamesimama stejini wanangoja mathree. Na ile ya Chelsea, Februari 14, 2025, siku ya wapendanao, pasi ndefu ya kipa Bart Verbruggen ikishuka, yeye akaituliza na kuigeuza kwa mguso mmoja. Hiyo peke yake ililisha akaunti yangu mwezi mzima.

Sasa, kitu kilichofanya Mitoma awe stori na si klipu tu, ni chuo.

Hii mmeisikia. Alikulia kwa akademi ya Kawasaki Frontale, wakataka kumpandisha timu kubwa akiwa kijana wa kumaliza shule, akakataa. Akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba kusomea mambo ya michezo na viungo, na tasnifu yake ya mwisho ikawa kuhusu chenga. Kabisa. Msee aliandika karatasi ya chuo kuhusu kupita beki.

Mimi niliachana na chuo mwaka wa pili. Sababu ni zangu na za karo, hatuendi huko leo. Lakini mnaweza kufikiria vile hii stori ya Mitoma ilinifikia. Ililetwa kwa grupu ya familia, asubuhi ya Jumapili, na anko wangu mmoja ambaye hatazami mpira. Chini yake akaandika: "Huyu aliwacha mkataba akaenda chuo. Kuna wengine waliwacha chuo wakaenda TikTok." Matangi wakaweka vicheko. Mamangu akaweka mikono ya maombi.

Anko, heshima zako ziko palepale. Ila hiyo stori umeisoma nusu, kama vile nchi yote iliisoma nusu. Kila ukurasa wa kutia watu moyo uliichukua ikawa "someni watoto, hata Mitoma alisoma". Sawa, alisoma. Lakini alifanya nini huko ndani? Alichukua kamera ndogo akawafunga wachezaji wenzake kichwani, wengine wazuri wa chenga na wengine wa kawaida, halafu akaangalia macho yao yanaenda wapi. Akaona wale wazuri hawaangalii mpira ulio miguuni. Wanaangalia mbele, wanamsoma mtu. Halafu akaangalia mwili wa beki: uzito wake ukiwa umeegemea upande mmoja, hapo ndipo unatoka, kwa sababu kabla agundue ameshachelewa. Ndiyo maana ukimtazama Mitoma anakuja polepole hivyo. Hachezi na mpira. Anangoja beki aweke uzito mahali pabaya.

Kwa hivyo chuo kilimpa muda na mahali, na kamera ikampa majibu. Watu walishika neno "chuo" wakaiacha kamera pale chini.

Na hebu angalia kitu kingine. Mwaka 2017, Tsukuba, timu ya wanafunzi, iliingia kombe la Emperor ikaitoa Vegalta Sendai ya ligi kuu 3-2, na Mitoma akafunga mawili. Moja alitoka nalo karibu na katikati ya uwanja. Hiyo mechi ilikuwa raundi ya pili, watoto wa chuo, hakuna mtu duniani alikuwa anamjua. Lakini goli unaweza kulitazama leo, hapa, ukiwa umeketi kwa ngazi za nyumba unangoja maji yarudi. Miaka mitano kabla tumjue, mtu tayari alikuwa amesimama pale na kamera, anarekodi, na jina la kila mchezaji liko kwa orodha. Mitoma alipolipuka 2022 hakukuwa na kazi ya kumtafuta. Alikuwa amewekwa vizuri, kama nguo za Sunday.

Nikisema hivi kuna mtu atanijibu Wajapani wana pesa. Ndiyo, wanazo. Lakini kuna Mkenya mmoja amepita kwa hiyo mashine, na tofauti unaiona.

Michael Olunga. Wengi wa rika letu tunamjua kama kapteni wa Harambee Stars, Engineer, mrefu yule. Mwaka 2015 akiwa Gor Mahia alifunga magoli 19 ya ligi, msimu ambao Gor walichukua kombe bila kupoteza mechi hata moja, na wakati huo huo alikuwa anasomea uhandisi Technical University of Kenya. (Anko, hii aya ruka.) Wakati huo SuperSport walikuwa bado wanarusha ligi yetu, kwa hivyo kamera zilikuwa uwanjani. Mwaka uliofuata akaenda Djurgården, Sweden. SuperSport wakatoka 2017, na tangu hapo ligi yetu imekuwa inaonekana na kupotea kama stima.

Olunga akafika Japani 2018, Kashiwa Reysol. Tarehe 24 Novemba 2019, siku ya mwisho ya daraja la pili, Kashiwa waliipiga Kyoto Sanga 13-1 na Olunga akafunga nane. Nane, mechi moja. Mwaka uliofuata wakiwa ligi kuu akafunga 28, akawa mfungaji bora na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Sasa shika hii. Huo msimu wa 2020 ndio ulikuwa wa kwanza wa Mitoma kama profesheno. Alirudi Kawasaki kutoka chuo, akafunga 13, Kawasaki wakachukua ligi, na jina lake likaingia kikosi bora cha mwaka. Kikosi hicho hicho kilikuwa na Olunga. Yaani yule mungu wenu wa TikTok alikuwa ligi moja na Mkenya, kikosi bora kimoja na Mkenya, na zawadi kubwa ya mwaka ikaenda kwa Mkenya. Nikiwaambia wasee wa mtaa hii, wanadhani nimeitengeneza ndiyo nipate laiki.

Na yale magoli nane ya Olunga yako. Yote, kwa mpangilio, picha safi. Ukitaka kumwonyesha mtoto vile straika anajiweka kati ya mabeki wawili, hapo ndipo utamwonyesha. Nikitaka klipu zake za Japani nazipata haraka kuliko nikitaka klipu ya mechi ya ligi yetu ya wiki jana. Mkenya amehifadhiwa vizuri na watu wa Kashiwa.

Haya, tushuke Umeme.

Kama hujawahi kufika, Koth Biro inachezwa hapa Ziwani, uwanja wa Umeme, mwisho wa mwaka, wakati wa mvua. Jina lenyewe ni Kijaluo, maana yake mvua inakuja. Ni mashindano ya zaidi ya miaka arobaini. Baba zetu walisimama palepale tunaposimama. Timu za mtaa zinakuja na wachezaji wa ligi waliofichwa ndani ya jezi za kuazima, kuna wazee wa zamani wanaokwambia enzi zao, kuna mahindi choma, kuna matope. Watu wamesimama mpaka kwa laini, refa anabidi awasukume ndiyo mtu apige kona. Winga akikupita upande ule wa watu, hakupiti peke yake, unapitwa na mtaa wote.

Na chenga za pale si za kawaida. Uwanja una mashimo, mpira unaruka unavyotaka, kwa hivyo huwezi kuuangalia sana, lazima uangalie mtu. Nimesoma kuhusu utafiti wa Mitoma nikacheka, kwa sababu kuna wasee hapa wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote na kitu kilichowafunza ni mashimo ya Umeme. Sisemi ni wazuri kama yeye. Sijui. Hakuna mtu anajua, maana wanacheza, watu wanapiga nduru, mvua inanyesha, imeisha. Januari ikifika kilichobaki ni stori, na stori kila mtu anaongeza chumvi yake.

Kitu kimoja kinaniuma zaidi. Kuna klipu ya winga mmoja wa kushoto ilizunguka sana huku Eastlands. Sekunde tisa, imerekodiwa wima, kichwa cha mtu kiko mbele nusu ya wakati. Jamaa anakuja polepole, anasimama, beki anayumba, jamaa ashaenda. Mtu akaiandikia "Mitoma wa Ziwani" na ikachukuliwa na akaunti moja baada ya nyingine, kila mtu akiweka chapa yake juu. Nilishuka kwa komenti. Kati ya moto na vicheko, kulikuwa na mtu aliyejitambulisha kama kocha wa timu ya daraja la chini. Aliuliza vitu viwili: jina lake nani, na ana miaka mingapi. Chini yake kulikuwa na komenti zaidi ya mia moja. Hakuna hata moja iliyomjibu. Kuna aliyeandika "ni Mitoma buda". Kocha akauliza tena baada ya siku mbili, halafu akanyamaza.

Nilikuja kukutana na huyo winga baadaye. Anafanya kazi kwa gereji, upande wa rangi. Nikamuuliza kama aliiona ile klipu. Aliiona, ilitumwa na binamu yake kutoka Mombasa. Nikamwambia kuhusu kocha. Hakuwa ameambiwa. Akaniuliza ilikuwa lini, nikamwambia, akahesabu na vidole vyenye rangi ya bluu, halafu akasema, "Hiyo Januari sikuwa na kazi." Akarudi kupiga msasa.

Kwa hivyo jina la Mitoma lilimfaidi kila mtu kwa hiyo klipu isipokuwa mwenye miguu. Walioposti walipata watazamaji. Mitoma mwenyewe, huko Brighton, alipata tangazo moja zaidi ambalo hahitaji. Msee wa gereji alipata jina la mtu mwingine.

Najua mtasema nini. Kwanza, mtasema simu zitaibiwa. Ni kweli, ukiinua simu Umeme fainali ikiendelea, uwe unajua nani amesimama nyuma yako. Nendeni wawili, mmoja arekodi, mmoja alinde. Pili, mtasema hakuna watazamaji kwa mpira wa mtaa. Hapo nawapinga kabisa. Ile klipu mbovu ya sekunde tisa ilitembea kuliko nusu ya klipu zangu za Mitoma. Watu wa mtaa wanapenda kujiona. Na kuna kitu nyinyi wenzangu wa kutengeneza klipu mnakijua vizuri: picha za ligi ya Uingereza si zetu. Unakesha unazikata, unaweka ngoma, asubuhi unaamka video imetolewa, akaunti ina onyo. Ile ya Umeme uliyorekodi mwenyewe, ukiwa umeongea na waandaaji na timu, ni yako. Hakuna mtu London atakuamsha.

Na si lazima iwe ya kisasa. Simu moja, imesimamishwa juu kidogo, imelazwa, mechi nzima. Hiyo "mechi nzima" naisisitiza kwa sababu kocha hawezi kumnunua mtu kwa chenga moja, anataka kujua akipoteza mpira anarudi kukaba ama anashika kiuno. Halafu majina. Jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, namba ya mgongoni, timu. Kama mchezaji ni mtoto, muulize mzazi kwanza. Na kama klipu imekuletea pesa, hata kama ni ya bando tu, mwenye miguu apate kitu. Viatu vyake vya manjano vimeshatoboka, nimeviona.

Mimi nimeshaanza orodha. Ninazo timu nne mpaka sasa, na makapteni wawili wamekubali kunitumia majina kabla ya mechi. Betri yangu haifiki dakika tisini, kwa hivyo natafuta mtu wa pawabanki, na mtu mwenye ngazi, ile ya fundi wa stima, nikae juu upande wa kushoto bila kuzuiwa na vichwa vyenu. Ukiwa nayo, nitumie ujumbe kabla mvua ianze.